Laptopu ilipolia saa nane usiku

Programu yangu ya kwanza ilitumia sekunde 40 kuchakata sekunde 10 za data. Yaani kila dakika inazidi kuachwa, kama daladala lililonasa kwenye foleni huku abiria wanarundikana kituoni.

Nilikuwa nawinda milipuko ya redio inayotoka galaksi za mbali, ambayo hudumu milisekunde chache tu. Wa kwanza kutambuliwa ulirekodiwa na darubini ya Parkes, Australia, mwaka 2001, ila watu waliugundua kwenye rekodi mwaka 2007. Umelala miaka sita! Ukinaswa papo hapo, darubini nyingine hugeuzwa upesi na data ghafi huokolewa kabla haijafutwa.

Darubini sina. Nina chumba Sinza, feni, laptopu, na data ya wazi niliyopakua kwa bando la usiku. Niliitiririsha kwa kasi ileile iliyorekodiwa, nikajifanya ndiyo inaingia.

Kazi ilikuwa hapa: elektroni zilizo njiani angani huchelewesha masafa (frikwensi) ya chini ya redio kuliko ya juu. Mlipuko wenye kipimo cha mtawanyiko, yaani wingi wa elektroni ulizopitia, cha 500 ukionekana kwenye gigahezi 1.5, kwenye gigahezi 1.2 unafika nusu sekunde baadaye. Kwenye mchoro umejipinda kama mundu. Sharti uunyooshe ndipo ujumlishe nguvu ya masafa yote, na kwa kuwa kipimo chake hukijui, unajaribu minyoosho mamia.

Mdogo wangu Salma, anayeshika daftari la duka, aliniangalia akacheka. "Kaka, mbona unajumlisha upya kila mara? Sisi jumla ya jana haturudii."

Basi nikahifadhi jumla za masafa jirani, mnyoosho unaofuata ukazitumia tena. Sekunde 40 zikawa 7.

Kilichofika kwenye masafa yote kwa pamoja, bila ya chini kuchelewa hata kidogo, nilikitupa, maana ni cha hapahapa duniani. Dawa hiyo si kamili. Parkes walihangaishwa miaka na ishara zilizojipinda kama za angani, hadi 2015 ikajulikana ni maikrowevu iliyofunguliwa mlango kabla haijamaliza.

Kunipima, Salma alificha milipuko miwili bandia kwenye data bila kuniambia ilipo. Saa nane usiku laptopu ikalia: dakika ya 52. Asubuhi akathibitisha. Wa pili, dhaifu, alikuwa ameuweka dakika ya 20. Huo ulinipita.