Mizani ilivyonidanganya nilipokuwa nikiikinga zirkoni diboridi dhidi ya oksijeni

Nilipoanza utafiti wa shahada ya uzamili nilikabidhiwa kopo la unga wa kijivu wa zirkoni diboridi, kauri inayoyeyuka kwenye nyuzi za Selsiasi zipatazo 3,245, nikatakiwa kutafuta namna ya kuiwezesha kustahimili hewa ya moto. Asiyeijua hudhani kwamba kauri ya namna hiyo haina cha kuogopa ndani ya tanuri la nyuzi 1,500. Kumbe adui wake ni oksijeni, inayoigeuza kuwa zirkoni oksidi, ambayo ni nyeupe na ngumu, pamoja na boroni oksidi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 450 tu. Kimiminika hicho cha boroni hutanda juu ya kipande na kukikinga kwa muda, lakini joto likipita nyuzi 1,100 hivi huanza kupaa kwa kasi, kikiacha zirkoni oksidi yenye vitundu vinavyopitisha oksijeni kama paa la makuti yaliyochakaa linavyopitisha mvua.

Kipande changu cha kwanza, ambacho sikukichanganya na kitu chochote, nilikichoma kwa saa moja kwenye nyuzi 1,500. Uzito uliongezeka kidogo tu, nikafurahi, hata nikaandika daftarini kwamba hali ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Msimamizi wangu aliposoma aliniuliza swali moja: boroni imekwenda wapi? Nikakaa chini na kalamu. Gramu 100 za zirkoni diboridi zikioksidika zote na mazao yake yote yakabaki, mizani itasoma gramu 171 hivi. Boroni oksidi yote ikipaa, itasoma 109 tu. Yaani kipande kinaweza kuliwa hadi moyoni na mizani isishtuke. Tangu siku hiyo kila kipande nilikikata katikati, nikapima unene wa tabaka lililoliwa kwa hadubini ya elektroni.

Huko nako nilijikwaa. Vipande vya kulinganishia, nilivyovichoma kwenye nyuzi 1,000, nilivisugua kwa maji kama tulivyozoea kwa kauri nyingine, nikaja kukuta mapengo pale ambapo palipaswa kuwa na glasi, kwa kuwa boroni oksidi huyeyuka majini. Vingine nilivyoviacha mezani bila kuvifunika vilifanya ukungu mweupe kwa sababu ya unyevu wa hewa. Ilikuwa asidi ya boriki, poda ile ile ambayo wachezaji wa keramu huinyunyiza ubaoni ili kete ziteleze. Nikahamia kwenye mafuta ya kusugulia yasiyo na maji, na vipande nikavifungia kwenye chombo chenye jeli ya silika, inayofyonza unyevu.

Baada ya kurekebisha vipimo ndipo nilipoanza kuongeza silikoni kabidi, dawa inayojulikana zaidi kwa ugonjwa huu, kwa asilimia 20 ya ujazo, ambayo kwa uzito ni karibu asilimia 12 tu kwa sababu ni nyepesi. Ikioksidika hutoa silika, yaani oksidi ya silikoni, nayo silika ikichanganyika na boroni oksidi huzaa glasi nzito isiyopaa upesi. Nilikandamiza unga ndani ya kalibu la grafiti kwenye nyuzi 1,900, nikapata vipande vilivyoshikamana vizuri, lakini vilipotoka kwenye tanuri la hewa glasi ilikuwa imekaa madoa madoa, na kati ya doa na doa kauri ilikuwa imeliwa kama ile ya kwanza. Hadubini ilionyesha sababu: chembe za silikoni kabidi zilikuwa kubwa na zimejikusanya mafungu mafungu.

Nikasaga upya kwa saa 24 ndani ya asetoni, kwa mipira ya tungsteni kabidi. Safari hii glasi ilitanda kipande kizima, na tabaka lililoliwa likapungua kwa zaidi ya nusu. Tatizo ni kwamba mipira, nilipoipima, ilikuwa imepungua uzito, kwa hiyo tungsteni ilikuwa imeingia kwenye unga wangu, nayo inajulikana kuisaidia zirkoni oksidi kujibana na kupunguza vitundu. Nani basi apewe sifa? Nilirudia kazi yote kwa mipira ya silikoni kabidi, ambayo ikimeguka humwaga kitu kilichomo tayari. Glasi ilitanda vile vile. Vipande vyenye tungsteni vilikuwa na tabaka jembamba kidogo zaidi, lakini tofauti yenyewe ni ndogo mno kwangu kuiapia. Kazi kubwa ilifanywa na kusaga vizuri.

Katika picha za vipande hivyo bora, chini ya glasi na zirkoni oksidi, unaonekana ukanda mwembamba ambamo silikoni kabidi imetoweka na kuacha matundu. Oksijeni inapokuwa haba, silikoni kabidi haitoi silika ya kukinga, bali huondoka kama gesi ya silikoni monoksidi. Mahali kama ncha ya bawa la chombo kinachoruka juu sana, ambako hewa ni nyembamba na joto ni kali zaidi, ukanda huo utanenepa, na tanuri langu la kawaida haliwezi kuiga hali hiyo.