Nilivyopima shimo la nguzo ya daraja

Utafiti wangu ulihusu shimo ambalo maji ya mafuriko huchimba kwenye mguu wa nguzo ya daraja. Nililipima kwa mfano mdogo wa nguzo, uliosimama kwenye mchanga ndani ya mfereji wa majaribio ambao pampu husukuma maji yake. Ushauri wa kwanza niliopewa, tena na mtu wa fani, ulikuwa: "Ukipunguza daraja mara 50, punguza na mchanga mara 50." Ushauri huu unaharibu kazi za watu. Mchanga wa mto wenye punje za milimita 0.5 ukipunguzwa hivyo unafika milimita 0.01, hilo ni tope, na tope hushikamana. Tulilijaribu. Maji yakapita weee, shimo la maana halikutokea, ila kingo zilizosimama wima na kumeguka mapande, jambo ambalo mchanga mtupu haulifanyi kamwe.

Basi nikachekecha mchanga wa milimita 0.8, maana chini ya 0.6 hivi sakafu ya mfereji hujaa viwimbi vya mchanga na shimo hutoka na kina pungufu. Nguzo ya mita 2.5 ikawa milimita 50. Kasi ya maji hufuata kanuni ya Froude, ile ya kulinganisha mkondo wa mfano na wa mto halisi: unagawa kwa kipeuo cha pili cha 50: mita 2 kwa sekunde zikawa takriban 0.28.

Ninachojivunia ni nguzo yenyewe. Nilitumia bomba la plastiki angavu, nikabandika rula ndani na kutumbukiza kioo kidogo kilichoinamishwa. Nilisoma kina kutokea ndani ya nguzo, pampu ikiendelea, bila kugusa mchanga. Niliona punje zikizunguka mbele ya nguzo, zikiinuka na kusombwa, kisha ukingo wa juu unaporomoka na kuchimbwa upya. Ningeweza kutazama kutwa nzima.

Na jamani, msiwashe pampu mfereji ukiwa mtupu! Wimbi la kwanza huchimba shimo lake kabla hujaanza kupima. Mimi nilijaza taratibu kwa mpira kutokea mwisho wa mfereji, huku nimefunika mchanga unaozunguka nguzo kwa bati jembamba. Mkondo ulipotulia, nikalivuta.

Wapo watakaokwambia saa chache zinatosha. Hazitoshi. Chora kina dhidi ya logi (logarithimu) ya muda. Mstari ukiwa bado unapanda, pampu iendelee, hata usiku kucha. Umeme ndio uliokula hela. Plastiki na kioo ni vitu rahisi. Mstari wangu ulipolala, kina kilikuwa karibu mara mbili ya upana wa nguzo, na niliporudia jaribio tofauti ilikuwa milimita chache tu.