Ruhusa ya kupiga kura Marekani: hesabu masaa yako kabla ya kumwendea bosi

Kenya hutangaza siku ya uchaguzi mkuu kuwa ya mapumziko, kama ilivyokuwa Agosti 9, 2022. Tanzania ilifanya vivyo hivyo Oktoba 28, 2020. Ndugu yetu anayepata uraia wa Marekani huja na mazoea hayo, kisha Jumanne ya Novemba inafika na ratiba ya shifti imebandikwa ukutani kama wiki nyingine yoyote. Jumanne hiyo iliwekwa na sheria ya mwaka 1845 kwa uchaguzi wa rais, na hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimu mwajiri binafsi kukuachia hata dakika kumi za kwenda kupiga kura. Jimbo lako ndilo linaloamua. Hata pale jimbo lilipoifanya siku hiyo sikukuu ya ofisi zake, kampuni binafsi hailazimiki kufunga.

Kabla ya yote: haya yanamhusu raia aliyejiandikisha. Mwenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) asipige kura ya rais wala ya bunge la Marekani, na akijazishwa fomu ya leseni ya udereva asikubali kuandikishwa kuwa mpiga kura. Ni kosa la jinai, linaweza kumfukuzisha nchini, na fomu ya kuomba uraia inauliza jambo hilo waziwazi.

Sasa tuchukue New York, kwa sababu sheria yake inafundisha namna ya kuhesabu. (Saa ninazotaja ni za Kiswahili.) Vituo hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 3 usiku. Sheria inauliza: je, una masaa manne mfululizo yaliyo huru, ama kati ya kufunguliwa kwa kituo na kuanza kwa shifti yako, ama kati ya kutoka kazini na kufungwa kwa kituo? Ukiwa nayo, huna dai. Usipokuwa nayo, unaruhusiwa kuchukua muda wa kazi utakaokutosha kupiga kura, na hadi masaa mawili ya muda huo yanalipwa.

Mlezi wa wazee anayeingia saa 1 asubuhi na kutoka saa 1 usiku ana saa moja asubuhi na masaa mawili usiku. Hakuna upande wenye manne, kwa hiyo ana haki. Karani anayeanza saa 3 asubuhi na kutoka saa 11 jioni ana masaa manne kamili kabla ya kituo kufungwa, kwa hiyo hana. Wengi hukosea hapa kwa kujumlisha asubuhi na jioni. Hayajumlishwi, lazima yawe mfululizo upande mmoja.

Taarifa kwa mwajiri ndiyo inayowaponza watu kuliko kitu kingine. New York inataka umjulishe si zaidi ya siku kumi za kazi kabla ya uchaguzi, wala si chini ya mbili. Kwa uchaguzi wa Novemba 3, 2026, anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa anapaswa kusema kati ya Oktoba 20 na Oktoba 30. Ukikumbuka Jumatatu jioni, umechelewa. Mwajiri naye ana wajibu wa kubandika tangazo la haki hii mahali panapoonekana, angalau siku kumi za kazi kabla. Lisipokuwepo, liulizie. Kuchagua kama utachelewa kuingia au utawahi kutoka ni juu ya mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine.

California inafanana: hadi masaa mawili ya malipo, taarifa siku mbili za kazi kabla, mwanzoni au mwishoni mwa shifti. Huko kila mpiga kura aliyejiandikisha hutumiwa karatasi ya kura nyumbani kwa posta, kwa hiyo dai la ruhusa huwa la lazima mara chache.

Minnesota, wanakoishi watu wengi wa Afrika Mashariki, ndiyo ninayoisifu zaidi. Haihesabu masaa yako. Unaruhusiwa muda unaohitajika kwenda kituoni, kupiga kura na kurudi kazini, bila kukatwa mshahara na bila kulazimishwa kutumia siku zako za likizo. Tangu 2023 haki hiyo inafika hadi kura ya mapema ya ana kwa ana.

Texas ina kipimo kingine: kama kituo kiko wazi masaa mawili mfululizo nje ya muda wako wa kazi, mwajiri hadaiwi kitu. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni. Anayekesha kazini na kutoka saa 1 asubuhi hana dai, apitie kituoni kabla ya kwenda kulala. Maryland inatoa masaa mawili, ila inataka ushahidi kwamba ulipiga kura au ulijaribu. Kuna fomu yake. Pennsylvania, New Jersey, Virginia na Florida hazina sheria ya aina hii kwa wafanyakazi wa kampuni binafsi. Huko tegemea kura ya mapema au ya posta, au soma mkataba wa chama chako cha wafanyakazi.

Omba kwa maandishi. Ujumbe wa simu au barua pepe unatosha, kwa Kiingereza, wenye mambo haya: "Jumanne Novemba 3 nina shifti ya saa fulani hadi saa fulani. Kituo changu kinafunguliwa saa fulani na kufungwa saa fulani. Sina muda wa kutosha nje ya kazi, naomba masaa mawili mwanzoni au mwishoni mwa shifti kwa mujibu wa sheria ya jimbo." Piga picha ya skrini uihifadhi. Maneno ya kwenye korido hayana shahidi meneja akibadilishwa.

Ukiwa umeajiriwa kupitia wakala, taarifa ipelekee wakala anayekulipa. Msimamizi wa nyumba ya wazee unakofanyia kazi si mwajiri wako. Dereva wa teksi za programu na wengine wanaolipwa kama makontrakta kwa kawaida hawamo kabisa katika sheria hizi, kwa kuwa hawahesabiwi kuwa waajiriwa.

Baada ya uchaguzi, soma slipu yako ya mshahara. Ukilipwa dola 20 kwa saa na masaa mawili yakaachwa, umepoteza dola 40. Kosa jingine la ofisi ya mishahara ni kuyaandika kama likizo yako: malipo yanatoka sawa, lakini akiba ya likizo imepungua, nawe hutagundua hadi utakapoomba kusafiri Desemba. Peleka ule ujumbe wako na slipu pamoja, waombe warekebishe.

Na kama shifti imekuchelewesha, nenda tu. Aliye kwenye foleni wakati kituo kinafungwa anaruhusiwa kupiga kura. Usitoke kwenye foleni, hata mtu akikuambia muda umekwisha. Mwite msimamizi wa kituo.