Mimi si mtu wa kupewapewa

Zile hela bado ziko kwenye simu yangu. Shilingi 3,500. Jana stima ilikatika nikashuka dukani kununua tokeni kwa pesa taslimu, usiku, na kanga ya kulalia, ili tu nisiziguse.

Ni za feni, ile ya kusimama. Niliipeleka mwenyewe kwa Kaka, Mshomoroni, kwa tuktuk, kwa sababu mtoto wake alikuwa amejaa vipele vya joto shingo nzima na kaskazi ndiyo kwanza imeanza. Wifi aliipokea kwa vigelegele. Mtoto akaketi mbele yake akawa anaimba ndani ya upepo, sauti itetemeke, acheke, aimbe tena. Kaka hakuwepo. Sijafika hata Daraja la Nyali, simu ikalia: nimetumiwa pesa. Na bei alikuwa ameikadiria, akakosea kwa mia tatu.

Nikampigia.

"Kaka, hii ya nini?"

"Ya feni."

"Feni sikukuuzia."

"Najua. Lakini mimi si mtu wa kupewapewa, dadangu. Asante."

Akakata.

Kinachonikera zaidi ni hiyo asante. Ilikuwa asante safi, ya adabu, ile unayompa kondakta akikurudishia chenji. Wiki hiyo hiyo shangazi wa Voi ameruhusiwa kutoka hospitali, bosi ametangaza kuwa anastaafu, na wale wageni tuliokuwa tukiwangoja kuhusu posa ya kitinda mimba wetu wamekuja na kwenda. Niulizeni kama nimewaza hata moja. Nimekaa ofisini makaratasi ya forodha yamenizunguka, kontena za mteja zimekwama Kilindini naye ananifokea kwa simu, nami huku namjibu Kaka moyoni. Kwani nani amekuita mtu wa kupewapewa? Ulivyonilipia karo ya kidato cha tatu nilikutumia risiti? Majibu mazuri ninayo mengi sana. Yote yamekuja baada ya simu kukatwa.

Halafu Wifi akaninong'oneza zilikotoka hizo hela: amekopa kwa simu. Kwa riba! Amejitia kwenye deni la wageni ili asiwe na deni la damu yake.

Najua, najua. Tangu ile hoteli ya kusini ipunguze watu, ameacha hata kuingia kanisani. Anatufikisha mlangoni, anabaki nje. Nilidhani amekasirika na Mungu. Wifi akasema hapana, ni kapu la sadaka. Haoni ataketije mle ndani, kapu lipite mbele yake, naye mikono mitupu.

Basi Krismasi tukapanda Rabai kama kawaida. Matatu za Mazeras nauli imeruka, boda nao wakaona si vyema kubaki nyuma. Baba benchi la mbele, shati jeupe. Kila mwaka lazima amshike mgeni mmoja amweleze kwamba mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, na 1846 yeye na mwenzake Rebmann wakaweka makao hapa hapa Rabai, wakati Nairobi haijawa hata kituo cha reli. Ukimsikiliza utafikiri ukoo wetu ndio uliomwagiza Krapf kwa gharama yetu. Hadithi hiyo haimalizii. Hamtaji Rosine, mke wa Krapf, aliyekufa mwaka huo huo wa 1844, yeye na kichanga chake cha kike, akazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Injili ilitufikia bila sisi kutoa senti, lakini kuna mtu aliyefukia mke na mtoto ufuoni, akaendelea na safari. Naye Krapf alikuwa mjumbe tu. Mwenye zawadi mwenyewe alimtoa Mwanawe.

Watoto wa Sunday school wakaigiza. Mchungaji mmoja alibeba mbuzi wa kweli, akalia wimbo wote wa kwanza (mbuzi, si mchungaji), kanisa likacheka. Nami badala ya kucheka nikafungua Luka 2 kwenye simu, nione huyo mbuzi ametoka wapi. Hayumo. Mamajusi ndio walioleta vitu, dhahabu na uvumba na manemane, na hao wako kwa Mathayo. Wachungaji wa Luka hawakuandikiwa kuwa walileta kitu. Walitoka kondeni usiku wakiwa na harufu ya kondoo, wakaenda mbio, wakamkuta mtoto, wakarudi wakimtukuza Mungu. Malaika aliwaambia amezaliwa "kwa ajili yenu, Mwokozi", wala hakuwapa orodha ya vitu vya kubeba. Mbuzi tumemwongeza sisi, kwa sababu hatuwezi kumwona mtu akiingia mikono mitupu tukakaa kimya.

Hapo Kaka akanijia tena, lakini kwa upande mwingine. Paulo anawaandikia Warumi kuwa mshahara wa dhambi ni mauti, bali karama ya Mungu ni uzima wa milele. Nimeisikia aya hiyo tangu utotoni bila kuona ukali wake. Mtu anayetaka kuishi kwa alichokitolea jasho peke yake, aya hiyo inamwonyesha mshahara wake ni upi. Kilichobaki chote hapo ni cha kupewa. Na sisi tunaoketi ndani si kwamba tumepona ugonjwa wa Kaka. Kuna dada kwenye kikundi chetu cha maombi anayefunga kula kila Ijumaa na kumkumbusha Mungu idadi.

Ila lililonikamata ni lile hori. Mtoto mchanga ndiye mtu wa kupewapewa kuliko wote duniani. Anavishwa, ananyonyeshwa, anabebwa, hana hata cha kusema asante. Huyo Mungu, mwenye vyote, alipotaka kuja kwetu alianzia hapo. Na hakuachia hapo. Aliomba mashua ya Simoni ili ahubiri. Alimwambia mwanamke Msamaria, "Nipe maji ninywe." Kina mama walimhudumia kwa mali zao. Aliingia Yerusalemu juu ya mwana-punda wa watu, akazikwa kwenye kaburi la Yusufu wa Arimathaya. Bahari aliiumba yeye, mashua akaomba! Sijui kwa nini sikuwahi kuyaona hayo yakiwa pamoja. Nilikaa pale benchini nikapoteza nusu ya mahubiri, na natumaini Baba hakuniona.

Tukatoka. Kaka alikuwa chini ya mwembe na mtoto begani. Mama akampakulia pilau, sahani ile kubwa ya maua, na paja la kuku juu. Akala. Akaongezwa, akala tena, akaomba na ukoko. Nikamsogelea.

"Mbona Mama hujamtumia pesa ya pilau?"

Alinitazama kwa muda. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha kutikisa mabega ambacho tangu Septemba sijakisikia.

"Mama ni Mama," akasema, akaendelea na ukoko wake.

Kumbe kupokea anajua. Anajua vizuri kabisa. Barabara nzima hadi Mazeras nilikuwa na furaha ya kijinga, nikitamani kumshika mkono nimwambie kuna mwingine anayempakulia hivyo hivyo, tena bila kapu kupitishwa. Sikumwambia. Atasema nimeanza mahubiri, na tulikuwa tumebanana watu wanne kiti cha watatu.

Hela bado sijui nizifanyeje. Nikimrudishia atanirudishia, tutaishia kuitajirisha kampuni ya simu kwa ada. Wifi anasema nizinyamazie tu.

Lakini si hizo zinazoninyima usingizi sasa. Binti yangu ameota jino jipya la chini nyuma ya lile la utoto, na la utoto halijalegea hata kidogo, nimelitikisa mwenyewe. Mama anataka kulifunga uzi. Jirani wa juu anasema likiguswa vibaya lile jipya litapinda maisha. Kliniki tunayoendaga imefunga mpaka mwaka mpya. Yeye mwenyewe anajitazama kwenye kioo akijisifu kuwa ana safu mbili. Anayemjua daktari wa meno ya watoto anayefungua wiki hii, hapa kisiwani, si ng'ambo ya feri, tafadhali aniambie.