Daraja la Bartonsville kwa vijiti vya meno: wiki ya sita

Hatimaye ubavu mmoja umesimama bila kushikwa. Ninaloliiga ni daraja la mbao lenye paa la Bartonsville, jimbo la Vermont, Marekani, lililojengwa mwaka 1870 kuvuka Mto Williams. La kweli lilikuwa na urefu wa mita 46 hivi. Langu, kwa kipimo cha 1:40, lina sentimita 115 na limeshaiteka meza yote.

Nililipendea mbavu zake. Ni kimia kitupu: mbao zimepishanishwa mshazari, na kila zinapokutana zimetobolewa na kupigiliwa vigingi vya mti mgumu. Hataza ya muundo huo aliipata Ithiel Town mwaka 1820. Yeye alikuwa msanifu majengo, na ujanja wake ni kwamba hapakuhitajika boriti kubwa wala viungo vya kuchonga kwa ustadi. Seremala wa kawaida mwenye mbao za kawaida na keekee aliweza kazi hiyo. Town akawa anadai dola 1 kwa kila futi. Kwa hili langu angenitoza karibu dola 4.

Sasa aibu yangu. Mwanzoni nilitoboa kila ubao peke yake kwa kufuata mchoro. Kuzipanga, matundu hayakukutana! Kosa la ubao mmoja likarithiwa na wa pili, hadi ncha ya mwisho ikapinda kama upinde. Vipande zaidi ya 60 vikaenda jalalani. Siku hizi nabana mbao mbili kwenye jiliwa, natoboa zote kwa mpigo mmoja, nachomeka kijiti ndipo nihamie makutano mengine. Kijiti kizuri hulia kidogo kinapoingia. Kikipita kimya, kimelegea, nakitoa.

Paa bado, ingawa ndilo linaloulizwa na kila anayepita mezani. Si la kumkinga msafiri na mvua, ni la kuzikinga mbavu. Maji yakituama kwenye matundu ya vigingi, mbao huoza kwa ndani bila kuonekana. Daraja la Cornish-Windsor la mwaka 1866, nalo la kimia, mpaka leo linapitisha magari. Jambo lililonichekesha: zamani, majira ya baridi, watu walibeba theluji na kuimwaga ndani ya madaraja haya, ili magari ya kuteleza yasikwame kwenye sakafu kavu.

Bartonsville paa halikuliokoa. Tarehe 28 Agosti 2011 mafuriko ya dhoruba Irene yalichimba chini ya egemeo, yaani ukuta wa ukingoni unaobeba ncha ya daraja, daraja likatumbukia mtoni. Jingine la muundo uleule lilifunguliwa Januari 2013. Mimi nilikuwa nimepanga kutengeneza maegemeo kwa maboksi. Nimeona haya, nitatumia saruji na kokoto.

Jana nikauweka ubavu juu ya vitabu, nikaning'iniza dumu la lita 3 la maji katikati. Ukabonyea milimita 4. Madaraja ya kweli hujengwa yakiwa yameinuka kidogo katikati, ili yakibeba uzito yasishuke chini ya mstari. Nililisoma hilo wiki ya kwanza kabisa, nikalisahau. Ubavu wa pili nitauinua milimita 6, lakini mmoja ukiwa na mgongo na mwenzake bapa, sakafu itakaa upande. Kwa hiyo huu uliosimama naubomoa Jumamosi.