Kulanti kwa Corolla ya 1993: achana na rangi, angalia metali na maji

Corolla yangu ni AE100 ya mwaka 1993, injini 5A-FE ya lita moja na nusu. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa akiiendesha kwa maji matupu ya bomba, kama yalivyo magari mengi ya umri wake hapa Iringa. Ukifungua mfuniko wa rejeta ulikutana na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Gari lilikuwa halichemshi, na ndiyo sababu karibu kila mtu aliniambia niliache lilivyo.

Sikuliacha. Nafundisha kemia sekondari, na kila mwaka nawaonyesha vijana kwamba ukitumbukiza metali mbili tofauti kwenye maji yenye chumvi, halafu zikaunganishwa, umetengeneza betri, na moja ya metali hizo italiwa. Injini hii ina bloku ya chuma na silinda hedi ya alumini, zimetenganishwa na gasketi nyembamba na kufungwa pamoja kwa bolti, na zote mbili zinaogeshwa na maji yaleyale. Inayoliwa ni alumini. Huanzia kwenye shingo ambako hosi ya juu inashika, kisha pembezoni mwa matundu ya maji pale gasketi inapokaa. Siku gasketi ikikata hakuna anayeyakumbuka maji ya bomba. Watu husema injini imechoka.

Kwa hiyo hoja kwangu haikuwa kama niweke kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini chenye dawa ya kutu, bali niweke ipi. Kwenye maduka ya spea swali la kwanza ni rangi: kijani, nyekundu, pinki au bluu? Rangi ni ya kutiwa tu, mtengenezaji anatia anayoitaka ili uvujaji uonekane na ili bidhaa yake itambulike. Hakuna kanuni ya dunia nzima inayosema nyekundu lazima iwe hivi na kijani vile. Mfano mzuri ni nyekundu mbili. Nyekundu ya Toyota huzuia kutu kwa fosfeti pamoja na asidi ogania, na haina silikati, dawa nyingine ya kutu. Nyekundu ya Volkswagen iliyoitwa G12, iliyokuja miaka ya tisini, ni ya asidi ogania bila fosfeti. Ukiziangalia ndani ya chupa huwezi kuzitofautisha kirahisi, lakini dawa zake ni mbili tofauti. Na hiyo G12 wenye magari walipoichanganya na G11 ya zamani, ya bluu-kijani, ya kampuni ileile, walipata tope la kahawia kwenye mfumo.

Karibu zote ukiondoa rangi zimejengwa juu ya kitu kimoja, ethilini glaikoli. Hiyo ndiyo inayopandisha kiwango cha kuchemka na kushusha cha kuganda. Kinachotofautisha kulanti na kulanti ni ile sehemu ndogo iliyobaki, dawa za kuzuia kutu, na hapo ndipo gari la zamani linapohitaji umakini.

Wajapani kwa muda mrefu wamekwepa silikati, kwa hoja kwamba chembe zake husugua sili ya pampu ya maji. Wamezoea fosfeti, ambayo huilinda alumini haraka. Wazungu wamefanya kinyume: wanaikimbia fosfeti kwa sababu maji ya nchi nyingi za Ulaya ni magumu, yaani yana kalsiamu nyingi, na fosfeti ikikutana na kalsiamu hujenga magamba. Nikisoma habari hiyo akili yangu ilikwenda moja kwa moja Dodoma.

Wazazi wangu wako Dodoma, na nikienda napitia Mtera. Mtu aliyekaa Dodoma anayajua maji yake, yale ya visima vya Makutupora. Chukua sabuni ya mche, jaribu kupata povu. Utasugua hadi uchoke. Birika la chai baada ya miezi michache lina ganda jeupe ndani. Sasa fikiria mtu mwenye gari la Kijapani, amenunua kulanti sahihi kabisa, nyekundu, yenye fosfeti, iliyokolea, halafu anaichanganya na maji hayo. Sehemu ya dawa aliyolipia inaganda kuwa unga mweupe kabla haijafika kwenye alumini, na unga huo unakwenda kukaa kwenye mirija myembamba ya rejeta. Chumvi nayo inabaki ikitoboa alumini taratibu. Atasema kulanti ni mbaya, arudi kwenye maji.

Hili ndilo ninalotaka mtu alishike kuliko yote: maji unayochanganyia yana umuhimu sawa na kulanti yenyewe. Ukiwa na fedha ya kopo moja tu, nunua la kati lakini changanya na maji yaliyochujwa kwa mvuke, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa. Yanauzwa kwenye maduka ya betri, na hapo kuwa mwangalifu sana, kwa sababu jina "maji ya betri" wengine hulitumia hata kwa asidi. Soma lebo, uliza mara mbili, na chupa isiyo na lebo usiichukue. Maji safi ya mvua yaliyokingwa baada ya mvua kusafisha bati vizuri ni chaguo la pili. Jaribio la sabuni litakuambia kama ni laini: yakitoa povu mara moja, hayana ugumu.

Nilichochagua mimi ni ile nyekundu ya Toyota iliyokolea, inayohitaji kuchanganywa. Pinki ingefaa pia. Ni ya kisasa zaidi na Toyota huipa muda mrefu, kilomita 160,000 kwa mara ya kwanza kwenye magari yaliyotoka nayo kiwandani. Ila huuzwa ikiwa imeshachanganywa nusu kwa nusu, na kwenye gari lililokuwa na maji hiyo ni kasoro kubwa. Hata ukifungua koki ya rejeta, maji mengi hubaki ndani ya bloku na kwenye hita. Ukimimina pinki juu ya masalia hayo, unaishia na mchanganyiko mwepesi bila kujua. Iliyokolea inakupa nafasi ya kupiga hesabu. Mfumo wa AE100 unabeba lita kati ya 5 na 6. Nilimimina kwanza lita 2 na nusu za iliyokolea, kisha nikajazia maji yaliyochujwa mpaka juu. Masalia ya ndani yalikuwa tayari ni maji safi kwa sababu ya kusuuza, nitalieleza hilo.

Kuhusu uwiano, kitabu cha nchi za baridi kitakuambia nusu kwa nusu, na hiyo haigandi mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri. Sisi hatuendi huko. Hata baridi ya Kitulo mwezi wa saba haifiki popote karibu na hapo. Maji hubeba joto vizuri kuliko glaikoli, kwa hiyo kuongeza glaikoli kupita kiasi hakusaidii kupoza, na anayejaza iliyokolea tupu anaiumiza injini. Lakini chini ya asilimia 30 dawa za kutu zinakuwa hafifu mno. Mimi nakaa kati ya 40 na 45.

Muinuko nao una sehemu yake. Iringa mjini tuko juu ya mita 1,500, na maji kwenye sufuria huchemka karibu nyuzi 95. Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta. Ule wa Corolla umeandikwa 0.9, na shinikizo hilo huongeza nyuzi 20 hivi. Mfuniko wenye mpira uliokauka unaziondoa zote, na hakuna kulanti itakayofidia. Kabla ya kununua kopo, nunua mfuniko mpya wenye namba ileile. Nilipoanza kupanda mlima Kitonga na huu mpya, nyuma ya malori yanayotambaa, mshale wa joto haukusogea kutoka mahali pake.

Fundi wangu ni mtu makini, ila tulibishana kuhusu themostati, ile valvu inayofungua njia ya rejeta injini ikishapata moto. "Mwalimu, hii tuitoe tu, huku kwetu hakuna baridi," aliniambia. Nilimwomba tutazame pamoja jinsi ilivyokaa. Kwenye injini hii ina sahani ya pili ya kuziba njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na siku ya mlima ndiyo utakayojua. Aliinama akaangalia, akakubali. Tukaweka mpya ya nyuzi 82.

Kusuuza kulichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Unamwaga maji machafu injini ikiwa imepoa, unafungua na koki ya bloku ikikubali, unajaza maji safi, unawasha injini na hita ikiwa wazi mpaka themostati ifunguke, unazima, unasubiri ipoe, unamwaga tena. Rudia mpaka yatoke meupe, na mara ya mwisho tumia maji yaliyochujwa. Dawa kali za kusafishia rejeta sikuzigusa. Kwenye rejeta iliyotumika sana uchafu mwingine ndio unaoziba vitundu, na asidi itavifungua vyote siku moja. Kwa sababu hiyohiyo usishangae kulanti mpya ikianza kuvuja mahali ambapo maji hayakuvuja. Kwangu ilitokea kwenye hosi ya hita. Tulibadilisha hosi, tukakaza klipu, basi. Watu watakushauri utie yai au bizari. Vitu hivyo vinaziba tundu na vinaziba mirija pia.

Kuna jirani ana Land Rover ya zamani yenye rejeta ya shaba, ile iliyounganishwa kwa risasi ya kulehemu, na amekuwa akiniuliza kama naye achukue nyekundu. Nilimwambia hapana. Nyekundu nyingine ni za asidi ogania tupu, nazo si walinzi wazuri wa risasi hiyo. Kwake inafaa ile ya kizamani yenye silikati, ambayo mara nyingi hupakwa kijani, ila aisome lebo badala ya kuitazama rangi. Aibadilishe kila baada ya miaka 2, kwa sababu dawa zake huisha upesi. Corolla yangu imeshawekewa rejeta ya alumini yenye matangi ya plastiki, ndiyo maana jibu langu si jibu lake. Kabla ya kuuliza duka, funua boneti uone rejeta yako ni ya nini.

Kopo lenyewe pia lipimwe. Nimekutana na makopo yaliyoandikwa kwamba yamekolea huku ndani ni maji ya rangi. Glaikoli ni nzito kuliko maji: lita moja ya kulanti iliyokolea ina zaidi kidogo ya kilo 1.1. Kopo la lita 5 likiwekwa kwenye mizani ya duka la nafaka linapaswa kukaribia kilo 5 na nusu au kupita, bila kopo lenyewe. Likisoma 5, rudisha.

Na tafadhali, usimwage kulanti ya zamani uani. Ina ladha tamu; mbwa ataramba, mtoto atachovya kidole, na kiasi kidogo huua figo. Kamwe isihifadhiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Mimi hubeba lita moja iliyokwisha kuchanganywa kwenye buti, ndani ya kopo lake lenye lebo. Ikitokea kulanti imepungua njiani pale Ruaha Mbuyuni na kopo limeisha, tia maji yoyote safi ufike salama, kisha ukifika nyumbani yamwage na uanze upya na yaliyochujwa.