Baridi ya Mbeya imenidanganya

Jamani, mwezi huu wa saba baridi ya Mbeya si mchezo. Maji nilishayasahau, ni chai tu asubuhi mpaka jioni. Juzi kichwa kikaanza kugonga, nikaenda maabara moja huku Mwanjelwa. Nikapewa kikopo. Nilichorudisha, aibu tupu: mkojo umeiva kama chai ya rangi!

Dada wa maabara akachovya kijiti, akakilinganisha na vibox vya rangi kwenye kopo lake. "Kaka, uzito wa mkojo wako ukilinganishwa na maji ni 1.030. Maji matupu ni 1.000. Ukipita 1.020, mara nyingi mwili una upungufu wa maji."

Nikabisha: mbona hata jasho sijatoka? Akacheka. Kumbe baridi inapunguza kiu, na maji yanatoka hata kwa kupumua.

Sasa natembea na chupa ya maji ya uvuguvugu. Chooni nimekuwa mteja wa kudumu.